Mama Alikuwa Umbali wa Saa Tano

Harufu ya wimbi na mahindi yaliyolowekwa ili kupika pombe ya busaa hunipanda kichwani hata leo, na hainiletei furaha kama inavyowaletea wenzangu. Wenzangu wakiinusa Agosti inapokaribia husema, aa, sherehe zimefika. Mimi hukunja ngumi. Nikipita sokoni Bungoma, mji ninaoishi na kufundisha sasa, nikamwona mama anayeanika kimea juu ya gunia, huharakisha kana kwamba nimeitwa na askari. Ni harufu chungu kidogo, tamu kidogo, na chini yake kuna kitu cha udongo uliolowa. Mwaka mmoja wa utoto wangu ilijaa nyumba yetu upande wa Endebess, nje ya mji wa Kitale, kuanzia jikoni hadi kwenye blanketi nililojifunika. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Kaka yangu Simiyu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ule ulikuwa mwaka wake wa kutahiriwa. Mama yetu alikuwa Riyadh.

Aliyempeleka Mama huko ni Baba Mkubwa, ndugu mkubwa wa baba yetu. Kazi yake ilikuwa kutafuta wanawake wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Alikuwa na chumba juu ya duka la mbolea mjini Kitale, na kutoka hapo alizunguka Endebess, Cheptais, Kimilili hadi Sirisia, akiingia kwenye boma za watu na suti yake ya kijivu na kuketi kabla hajaambiwa karibu. Mwaka Mama alipoondoka alikuja kwetu mara nyingi, kwa kuwa mahindi yalikuwa yameharibika shambani, na Baba alikuwa mtu wa kukubali lolote analoambiwa na aliyemtangulia kuzaliwa. Kila alipokuja alisema jambo lile lile huku akipuliza chai yetu. Riyadh ni saa tano tu. Mtu anapanda ndege Nairobi asubuhi, chakula cha mchana anakula huko. Basi la kutoka Kitale hadi Nairobi lilichukua kutwa nzima, na likiharibika njiani, kutwa na kipande cha usiku. Kwa hesabu yake, Mama akiwa Riyadh atakuwa karibu nasi kuliko shangazi yetu aliyeuza mitumba Nairobi. Watu wazima wakaitikia kwa vichwa. Hata mchungaji aliitikia. Hakuna aliyesema kwamba anayetoka Riyadh bado lazima apitie Nairobi hiyo hiyo, na kwamba kutwa ile ya basi ingali palepale ikimngoja.

Nami niliamini, tena kwa ushahidi. Darasani kwetu kulikuwa na atlasi moja iliyochanika jalada, na nilipoweka kidole gumba juu ya Nairobi, kidole kidogo kilifika Riyadh bila kunyooka sana. Kitale na Bungoma hata hazikuwa na nukta. Leo mimi ni mwalimu wa Jiografia. Huwafundisha watoto kupima umbali wa ramani kwa uzi na rula, na kila mwaka nikifika kwenye somo hilo hasira hunishika mbele ya ubao, nikalazimika kuwageuzia mgongo. Kwa sababu baya zaidi ni kwamba Baba Mkubwa hakukosea. Ndege huchukua saa tano hivi. Lakini safari ya mtu haianzi ndege inapopaa, huanza kwa yule aliyeshika pasipoti yake, na huyo hachorwi kwenye atlasi yoyote niliyowahi kuifungua.

Mama alipiga simu siku za Ijumaa. Simu ya Baba iliwekwa juu ya sufuria iliyopinduliwa karibu na dirisha, maana hapo ndipo mtandao ulipopatikana, nasi tukaizunguka tumechuchumaa kama watu wanaoota moto. Mama aliongea haraka na kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye katika nyumba ya watu. Alituuliza tumekula nini, kama ng'ombe amezaa, kama mimi Nekesa bado nanyonya kidole. Hakutueleza habari za huko, ila kwamba nyumba ilikuwa na vyumba vingi na jua lilikuwa kali. Simiyu hakuwa na subira na maswali ya ng'ombe. Alimwuliza kila Ijumaa atakuja lini, na kila Ijumaa Mama alimjibu kwamba mkataba wake unaisha Juni, kwa hivyo Agosti itamkuta nyumbani.

Kwetu Wabukusu, mvulana hutahiriwa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alitaka Simiyu apelekwe hospitali, adungwe sindano ya ganzi, arudi nyumbani na vidonge, mambo yaishe. Wenzake wengi darasani walikwenda huko na hakuna aliyewacheka. Simiyu ndiye aliyekataa. Alitaka kusimama uani alfajiri, amepakwa matope ya mto, mbele ya watu, bila kupepesa jicho. Sababu yake haikuwa ushujaa, maana Simiyu aliogopa hata bata mzinga wa jirani. Desturi ya kwetu inasema mvulana anaposimama nje kwa kisu, mama yake huketi ndani ya nyumba, sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, ameshika nguzo ya katikati, kama alivyokuwa siku ya kumzaa. Hatoki, hasemi, haangalii. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na asubuhi hiyo wanaugawana, mmoja nje, mwingine ndani. Simiyu alikuwa hajaonana na mama yake kwa karibu miaka miwili, na hii ilikuwa njia pekee aliyoijua ya kumlazimisha mtu mzima arudi. Akamwuliza kwa simu kama atakuja kumketia.

"Nitakuja nikuketie, mwanangu," alisema. "Usiende hospitali."

Ahadi ni deni, na Mama hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, kwa hivyo hospitali haikutajwa tena. Simiyu alivaa chinyimba, zile kengele za chuma ambazo mvulana huzigonga kwa mikono akicheza, akaanza kuzunguka kwa jamaa kuwaalika. Huku Endebess na Kitale alikwenda kwa miguu. Kwa jamaa wa Bungoma, Baba aliazima pikapu ya jirani na kumshusha hatua kadhaa kabla ya kila boma ili aingie akicheza na jasho likimtoka, maana hakuna mvulana anayealika watu akiwa ameketi garini. Kila alikogonga kengele alitangaza kwamba mama yake anakuja na ndege. Wazee wa Bungoma walimtania, wakasema atakuwa mtoto wa kwanza wa ukoo kuketiwa na mama aliyeshuka mbinguni. Alirudi nyumbani mikono imemvimba, uso unang'aa, akinisimulia maneno hayo mara tatu. Kisha akateka maji mtoni, yakamwagwa juu ya nafaka ili kuanzisha busaa, na hapo mambo yakawa hayana kurudi nyuma. Nafaka ikishalowa na mjomba akishachagua dume la kuchinja, hakuna wa kusema tungoje wiki ijayo. Mvulana anayeahirisha baada ya hapo hubeba jina la mwoga hadi anapozikwa.

Juni ikapita. Julai Mama alipiga simu siku isiyokuwa Ijumaa, na Baba akatoka na simu hadi kwenye zizi. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwenye ile nyumba ya vyumba vingi alikuwa amekataa kumpa pasipoti yake mpaka apatikane mwanamke mwingine wa kuchukua kazi. Mkataba ulikuwa umekwisha, ndege zilikuwa zinapaa kila siku, na Mama alikuwa amelia mpaka akafungiwa chumbani. Baba alikwenda mjini kwa Baba Mkubwa. Huyu akamwambia mambo kama hayo yanataka subira, kwamba atawapigia watu wa Nairobi, nao wa Nairobi watawapigia wa Riyadh. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na baba yetu hata fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na kofia yake tu, akaishika mkononi na kushuka ngazi. Sisi watoto tuliambiwa Mama anatafuta zawadi, atakuja wiki ya mwisho. Wiki ya mwisho ilipofika tukaambiwa siku ya mwisho.

Siku ya kuamkia kisu, Simiyu alikwenda Sirisia kwa Mjomba, kaka yake Mama, kuchukua nyama. Mjomba alichinja lile dume, akakata ukanda mrefu wa nyama ya kifua na kumvisha shingoni, ukaning'inia mpaka tumboni. Mvulana aliyevishwa nyama hiyo haangalii nyuma, hutimua mbio hadi kwao. Lakini Sirisia hadi Endebess si mbio za mtu, hivyo pikapu ikatumika tena, nayo ikasimama kwenye njia panda ya kwetu jioni ili Simiyu ashuke na kuingia akikimbia mbele ya wageni. Mimi nilikuwa miongoni mwa watoto waliokwenda kumpokea. Tulianza kuimba tulipoiona pikapu. Simiyu hakushuka. Alibaki ameketi nyuma, nyama shingoni, nzi wakianza kuijia, akauliza kama Mama amefika.

Baba alitazama magurudumu. Mjomba, aliyekuja nao kwenye pikapu, akautazama Mlima Elgon, kana kwamba jibu lingetoka huko. Wimbo wetu ukafa polepole, mtoto mmoja baada ya mwingine. Simiyu akasema kwa utulivu kwamba kama Mama hayuko, yeye haendi mtoni kesho, na wamwite mwoga wakitaka. Mjomba aliyekuwa ameua dume lake akashika kichwa. Ndipo Baba Mkubwa, aliyekuwa ameketi mbele karibu na dereva, akashuka, akazunguka gari na kumwekea Simiyu mkono begani.

"Mama yako ako kwa ndege saa hii," alisema. "Si nilikuambia ni masaa tano tu? Amepanda hii jioni. Saa sita usiku ako Nairobi, gari inamngoja hapo hapo, alfajiri ako hapa. Ukitoka mtoni utampata ameketi ndani."

"Kweli, Baba Mukubwa?"

"Mimi ndiye nilimpeleka, bana. Nitakosa kujua?"

Simiyu alihesabu kwa vidole. Nilimwona. Nami nilihesabu kwa vyangu, na hesabu ikatoka sawasawa: saa tano angani, saa kadhaa barabarani, jua linachomoza. Ndiyo maana tuliingia mtegoni vizuri hivyo. Mtu akimwambia mtoto kwamba mama yake atakuja Mungu akipenda, mtoto atalia. Huyu alimpa hesabu ya kujumlisha, na Simiyu alikuwa wa pili darasani kwa hesabu. Aliruka kutoka kwenye pikapu, akatimua mbio hadi nyumbani, nyama ikimpiga kifuani, sisi tukimfuata kwa kelele. Baba alibaki pale njia panda. Nilipogeuka nilimwona ameegemea gari, Baba Mkubwa akimwambia kitu na kumpigapiga mgongoni.

Kulipopambazuka, Simiyu akiwa mtoni na wanaume, niliingia ndani ya nyumba nikamwona Mama. Alikuwa sakafuni, miguu ameinyoosha, mikono imeshika nguzo, amejifunika kuanzia kichwani kile kitenge cha zambarau chenye tausi ambacho alikiacha kabatini siku ya kuondoka. Sijawahi kukimbia vile. Nilimkumbatia kwa nyuma, nikaingiza uso wangu shingoni mwake, na nikahisi harufu isiyokuwa yake. Alipogeuka alikuwa Mama Mdogo Naliaka, mdogo wake Mama, aliyekuja na pikapu kutoka Sirisia jana yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. Nilipofungua kinywa alinivuta chini kando yake na kunibana.

"Nyamaza, Nekesa," alisema. "Ukilia atasikia, na akisikia ataanguka."

Mama Mdogo simlaumu, wala sijawahi kumlaumu. Lazima kuwe na mwanamke wa kuketi. Mtoto hasimami kwa kisu nyumba ikiwa tupu, na dada wa mama ana haki ya kuketi mama asipokuwepo. Kama wangemwambia Simiyu ukweli, kwamba Mama amezuiwa na Mama Mdogo atamketia, huenda angekubali. Huenda pia angekataa, akaenda hospitali, na ulimwengu usingeanguka. Lakini Baba Mkubwa ndiye aliyetoa kitenge kabatini. Baba Mkubwa ndiye aliyeamuru mlango uachwe wazi kiasi cha kiganja, jambo ambalo kwetu halifanywi, ili mvulana akiingia uani aione ile rangi ya zambarau. Alipanga kila kitu kwa umakini ambao hakuwahi kuutumia kumtafutia Mama pasipoti yake. Niliisikia sauti yake nje akiwapanga wageni wasizibe njia kati ya Simiyu na mlango.

Walikuja wakiimba kutoka mtoni, wimbo ukawa mkubwa, kisha ukakatika ghafla. Mama Mdogo aliibana nguzo mpaka vidole vikageuka rangi. Nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Kisha filimbi ikapulizwa, vigelegele vikapanda, na watu wakaanza kupiga kelele za furaha. Walisema hakutikisika hata ukope. Walisema wameona wavulana wengi lakini si kama huyu, na kwamba muda wote alikuwa ameukazia macho mlango wa nyumba. Baba Mkubwa alipewa mrija wa kwanza wa busaa kwa kuiokoa siku. Aliunyonya.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini wahenga hawakumjua mtu huyu. Njia yake ilifika hadi Desemba, na iliyoirefusha ni desturi yenyewe. Mvulana aliyetahiriwa hukaa na wenzake katika kibanda chao mpaka apone na kufundishwa, na katika muda huo haonani na mama yake. Kwa hivyo Simiyu hakushangaa kutomwona Mama. Ndivyo ilivyotakiwa. Mimi ndiye niliyepeleka chakula hadi nje ya kibanda, na kila jioni, kupitia ukuta wa nyasi, alinipa salamu za kumpelekea. Mwambie Mama sijalia. Mwambie Mama mboga ilikuwa tamu leo. Mwambie asirudi Riyadh kabla sijatoka. Baba alikuwa ameniambia kidonda huoza mgonjwa akipata huzuni, nami nilikuwa na miaka kumi na niliogopa kidonda. Nilizibeba salamu zile hadi mlango wa jikoni na sikujua pa kuziweka.

Siku ya kutoka ilikuwa nzuri, nalichukia hilo pia. Kulikuwa na jua, na vijana walikuwa wamevaa nguo mpya, wamepakwa mafuta. Simiyu alipita kwenye mstari wa wanawake akiwasalimia mmoja mmoja, na nilimwona macho yakitangulia mbele ya mkono wake, yakitafuta. Alipomfikia Mama Mdogo, huyu alipiga magoti mbele yake kwenye majani, kitu ambacho mwanamke mzima hamfanyii kijana wa dada yake. Simiyu akaelewa. Ningependa kusema kwamba alipiga teke meza, kwamba alikwenda Kitale akavunja madirisha ya kile chumba cha juu ya duka la mbolea. Mvulana angefanya hivyo. Lakini walikuwa wamekwisha kumfanya mwanamume, na kwa miezi minne walikuwa wamemfundisha kwamba mwanamume hamlilii mama yake. Alisema asante kwa blanketi alilozawadiwa, akaketi alipoonyeshwa. Usiku ule hakula. Kesho yake aliniambia neno moja kuhusu jambo lile, kwamba nisimwambie Mama, kamwe, kwa kuwa hataweza kulibeba akiwa peke yake huko.

Mama alirudi mwaka uliofuata, baada ya mwanamke kutoka Cheptais kupelekwa kuchukua nafasi yake. Alikuwa amekonda, na alizungumza kwa sauti ya chini hata akiwa jikoni kwake mwenyewe. Aliposhuka pale njia panda alimwendea Simiyu akiwa amefungua mikono. Simiyu alirudi nyuma hatua moja na kumpa mkono, kama alivyofundishwa, kwa heshima, kichwa ameinamisha. Mama alisimama na ile mikono hewani. Kisha akaifuta kwenye gauni, akampa mmoja. Alikuwa amemwacha mtoto aliyelala mgongoni pake kukiwa na radi, na amerudi kumkuta mtu ambaye hata shuka lake hakuruhusiwa kulikunja. Hakulalamika. Kwa miaka mingi aliwaambia wanawake wa kanisani kwamba mwanawe alisimama imara bila kuketiwa na mama, kwamba hakumhitaji. Alilisema kama sifa, na kila aliposema niliona linavyomkata. Asiyekuwepo na lake halipo, nadhani ndivyo alivyojihukumu. Mara nyingi nilitaka kusema, na mara zote Simiyu alinitazama.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi, wanasema. Simiyu ni fundi wa umeme mjini Bungoma, si mbali na shule ninayofundisha, na barabara ya kwenda Kitale ina lami nzuri. Simu zinaonyesha uso. Wanaotafuta wasichana wa kupeleka Uarabuni hawavai tena suti za kijivu; ni vijana wa rika langu, wanafungua simu na kumwonyesha mtoto wa watu mstari wa buluu kutoka Nairobi hadi Riyadh, saa zimeandikwa juu yake. Wanafunzi wangu wenyewe hunionyesha mstari huo wakimaliza shule. Mwalimu, si ni karibu? Utotoni mwangu uongo huo ulihitaji mzee, pikapu na kitenge. Sasa unatoshea mfukoni, na mimi niliyesomea umbali mpaka chuo kikuu sina ramani ya kuwaonyesha inayoshindana nao.

Desemba iliyopita tulikuwa sote nyumbani Endebess kwa sikukuu. Baba Mkubwa alikuja pia, mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, na akaketi kabla hajaambiwa karibu. Kulikuwa na binti wa jirani, Mercy, aliyekuwa amepata nafasi ya kwenda Riyadh, na mama yake alimleta apate ushauri kwa watu wanaojua. Mama alikuwa jikoni. Baba Mkubwa akamwambia Mercy asiogope, ni masaa tano tu, kisha akakumbuka kisa, na kisa kikamfurahisha. Akaanza kuwasimulia wageni jinsi alivyomdanganya mvulana mmoja mkaidi kwenye njia panda kwamba mama yake yuko angani, na alivyomvisha mama yake mdogo kitenge cha tausi. Alicheka mpaka akakohoa. Alipofika kwenye mlango ulioachwa wazi kiasi cha kiganja, Mama alikuwa amesimama nyuma yake na birika la chai.

Aliliweka birika mezani. Hakumtazama Baba Mkubwa hata kidogo. Alimtazama Simiyu.

"Alikuambia niko ndani?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaamini."

"Nilisimama juu ya vile nilijua uko," Simiyu alisema. "Bila hivyo singesimama."

Mama alivua viatu, akaingia ndani. Nyumba ya sasa ni ya matofali na haina nguzo ya katikati. Kupitia mlango tulimwona akiketi kwenye saruji, polepole kwa sababu ya magoti yake, akainyoosha miguu mbele na kushika mguu wa meza. Hakumwita mtu. Simiyu aliinuka kutoka kwenye kiti, mwanamume mwenye ndevu na watoto wawili, akaenda akasimama uani mbele ya mlango, mikono kando, akimtazama. Mjini kwetu watu wangetoa simu wapige picha. Hapa hakuna aliyesogea. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Mama alikuwa analia kwa sauti kubwa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aliporudi, na Simiyu hakutikisika.

Baba Mkubwa alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Mimi nilikuwa nimeshika kiti changu kwa mikono miwili ili nisimpige mzee wa watu. Ni Mercy aliyemgeukia, kwa adabu, jinsi msichana anavyomwuliza mzee.

"Baba, na kurudi ni masaa ngapi?"

Baba Mkubwa alisukuma kikombe chake mbele, akasema angependa chai. Birika lilikuwa mezani karibu na mkono wangu, na hakuna aliyeinuka.